Namna ya Kuwapeleka Wanasayansi Chipukizi Kiwandani na Kuwarudisha Walivyokwenda

Kila chuo kinachojiheshimu hufika mahali kikaamua kwamba wanasayansi wake chipukizi waonyeshwe maisha yaliyoko nje ya geti. Ninaowasema ni wale wenye uzamili ambao wino wa vyeti haujakauka, wale waliokwama katikati ya uzamivu, na wale wakufunzi wasaidizi wanaoongezewa mkataba wa muda kila muhula huku wakiambiwa kibali cha ajira kiko njiani. Kwa hapa kwetu Tanzania uamuzi huu hupendelea kufikiwa mwezi Mei, mwaka wa fedha ukielekea kufungwa tarehe 30 Juni na fungu la mafunzo likiwa bado na chochote. Kamati inaundwa. Kamati inamtafuta mratibu. Kama mratibu huyo ni wewe, soma kwa makini.

Usibabaishwe na maneno ya andiko la mradi kuhusu kuunganisha taaluma na viwanda. Kazi yako ni kuhakikisha vijana wanakwenda, wanapigwa picha, wanakula, na jioni wanarudi wakiwa vilevile walivyoondoka asubuhi. Usidhani ni kazi nyepesi. Mtu mwenye kemia yake kichwani akiachwa dakika kumi tu karibu na maabara ya kiwanda, anaweza kurudi na mawazo.

Anza na barua. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji; kamwe usimwandikie mkuu wa maabara, maana huyo anaweza kuijibu. Weka YAH: OMBI LA ZIARA YA MAFUNZO, halafu "Husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu eleza kwamba vijana wangependa kujifunza mambo mbalimbali. Hayo "mambo mbalimbali" ndiyo nguzo ya barua nzima. Ukithubutu kuandika kwamba unao wakemia wanne wanaotaka kufuatilia sampuli tangu inapochotwa kwenye mtambo mpaka inapoandikiwa cheti cha ubora, na mtu wa takwimu anayetaka kujua ni nani hasa anayeamua mzigo utoke au uzuiwe, upande wa pili kuna mtu ataketi ajiandae. Ipitishe barua kwa mkuu wa idara, mkuu wa ndaki na ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. Ikifika kiwandani iwe na mihuri ya kutosha, na tarehe ya ziara iwe kesho.

Kuchagua kiwanda kusikuumize kichwa. Waratibu wengi huchagua cha soda, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kusafiri na wanafunzi anazielewa. Unachotakiwa kukwepa ni kulinganisha fani ya kijana na kazi inayofanyika mahali. Mchukue binti aliyetumia miaka miwili akiotesha bakteria kwenye visahani vya maabara. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba ambacho hufanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kingine: kinakuza bakteria ambao wakimwagwa kwenye madimbwi huua viluwiluwi vya mbu. Akifika mahali kama pale ataona kwamba kutoka chupa ya lita moja kwenda tangi kubwa hakuhitaji kuzidisha tu. Hewa haifiki chini kwa urahisi, joto wanalotoa bakteria wenyewe linakosa pa kutokea, povu linapanda, na kijidudu kimoja kisichoalikwa kinaweza kuharibu mzigo wote. Atauliza maswali mpaka giza liingie na dereva aanze kupiga honi. Kwa usalama wake, mpeleke kwenye biskuti.

Mwenye polima naye asisogee Arusha, ambako kampuni ya A to Z ilianza kutengeneza vyandarua kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Katika vyandarua hivyo dawa ya permethrin haikupakwa juu. Ilichanganywa ndani ya plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, ikawa inachomoza kidogokidogo juu ya uzi hata baada ya neti kufuliwa. Swali la dawa itoke kwa kasi gani, isiishe mapema na isigome kutoka, lingetosha kumfanya mtu alale na kalamu. Mwache chuoni afundishe polima kwa notisi alizorithi kwa mwalimu wake.

Na wakemia wasikaribie kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Saruji inaonekana kazi ya vumbi na magunia, na picha hiyo ibaki vichwani mwao. Wakishajua kwamba tanuri la saruji hupika mawe hadi nyuzi joto kama 1,450 na halizimwi jioni ili watu wakaoge, na kwamba yuko mtu wa maabara anayepima chokaa iliyobaki bila kuungana, kwa sababu ikizidi zege litavimba siku za mbele lipasuke, wataanza kuliheshimu vumbi. Kibaya zaidi wataambiwa kwamba nguvu ya saruji hupimwa siku ya 28, na siku ya 28 ikifika inapimwa kweli. Kijana ambaye sura yake ya tatu imelala mezani kwa msimamizi tangu Pasaka hapaswi kusikia habari za aina hiyo.

Idadi ya wasafiri iwe kubwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakuwahi kupokea wageni sitini wenye fulana za aina moja asubuhi ya siku ya kupakia mzigo. Watu wanane wanaweza kusimama kando ya mashine wakamsikia anayeiendesha. Watu sitini wanamwona akifungua mdomo. Kwenye kiwanda cha dawa hawaingii kabisa, kwa sababu kila binadamu anayeingia pale huhesabiwa kuwa ni nywele, ngozi na vumbi linalotembea. Ndiyo maana wenyewe hufunika vichwa na ndevu, huvua pete, hubadili viatu kwenye benchi linalotenga upande mchafu na upande safi, na hata hewa ya vyumba imepangiwa ielekee wapi. Ukipeleka sitini mtaishia nyuma ya kioo, na nyuma ya kioo ndipo tunapopataka.

Usiwaambie kuhusu viatu vya kufunika vidole. Robo yao watazuiwa getini, nawe utakuwa umepata watu wa kulinda mabegi.

Sasa ratiba. Kama kiwanda kimetoa saa tatu, mbili zitumike ukumbini. Anzeni na utambulisho, kila mtu asimame ataje jina, idara na anakotoka. Mwakilishi wa chuo aseme itifaki imezingatiwa, kisha aizingatie upya jina kwa jina. Afisa uhusiano wa kampuni aonyeshe slaidi za historia, tuzo, na picha za madawati waliyoichangia shule ya msingi. Madawati ni mema, na watoto wanayahitaji, ila ukweli ni kwamba kijana wa uzamivu wa kemia hakutoka kitandani alfajiri akapenya foleni ya Ubungo ili aangalie dawati. Mwache aangalie. Ikija zamu ya maswali, mpe kipaza sauti yule anayeulizaga kila kongamano, "Je, mnakumbana na changamoto gani?" Jibu ni umeme na malighafi. Limekuwa hilo tangu viwanda vianze na halijawahi kumdhuru mtu.

Swali la mshahara lizuiwe mapema, kwa kisingizio cha adabu. Zuia pia ndugu zake: mkataba wa kwanza huwa wa muda gani, zamu ya usiku humwangukia nani, mtu aliyeingia na shahada ya tatu alianzia kiti kipi, na je, alilazimika kukaa chini ya mwenye stashahada aliyekuwepo kazini miaka kumi. La mwisho hasa. Vijana wengi hawajawahi kuambiwa kwamba jibu mara nyingi ni ndiyo, na kwamba yule mwenye stashahada anaijua mashine kuliko kitabu kinavyoijua.

Tuje kwenye hatari kubwa kuliko zote. Kama mmeangukia kiwanda cha dawa, wakati kundi linapita koridoni kuelekea kunywa soda, upande wa kushoto patakuwa na mlango ulioachwa wazi. Ndani atakuwepo dada mmoja mwenye koti jeupe, miwani imesogezwa kwenye paji la uso, anaandika. Kutakuwa na kijana mmoja, siku zote yumo, atakayebaki nyuma akichungulia.

"Shikamoo dada. Samahani, hiki ni nini?"

"Marahaba. Ingia, usiguse. Vidonge hivyo. Maji yale yana nyuzi 37, kama tumboni mwako. Tunatazama dawa inatoka kwenye kidonge kwa dakika ngapi."

"Wewe ulisomea wapi?"

"Si hapohapo kwenu, mdogo wangu. Kemia."

"Ukaona tangazo?"

"Tangazo lipi tena! Nilikuja fildi wiki nane. Nikaacha namba ya simu kwa mzee aliyekuwa na kiti hiki."

Sikiliza vizuri kinachofuata, maana ndicho kinachoharibu vijana. Dada atamwambia kwamba hesabu za pale si ngumu kama za tasnifu, na mashine ya HPLC ataizoea mwezi mmoja. Kinachowashinda wasomi ni kuandika. Kila uzito unaandikwa saa ileile unapopimwa. Ukikosea unapitisha mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaweka saini na tarehe. Kifutio cheupe ni kosa la kukufikisha ofisini, kwani siku wakaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa, wakija hawataki kusikia ulichokumbuka, wanataka kuona ulichoandika. Atamwambia pia kwamba utafika mwisho wa mwezi bechi ikatae kufika kiwango, mtu wa mauzo aje asimame pale mlangoni huku lori limeshawashwa, amwite kwa jina la upole, naye akatae kutia saini. "Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa," atasema. "Hayo mengine yanafanywa na mashine." Na kama kijana atakuwa bado amesimama, ataomba kuona sivii yake kwenye simu, atazihesabu kurasa kumi na moja zilizobeba kila warsha aliyowahi kunywa chai, na atamwambia apunguze zibaki mbili, aanze na vifaa anavyoweza kuviendesha peke yake bila kusimamiwa.

Dakika saba tu, na sumu imeingia. Kwa hiyo uwe mwepesi. Ukiona kijana amesimama mlangoni, piga makofi na upaze sauti, "Jamani, muda umetutupa mkono, picha ya pamoja!" Bango lifunguliwe, wafupi mbele, mgeni rasmi katikati. Dada wa maabara asiitwe pichani. Akiitwa, mtu atamuuliza jina.

Kwenye basi la kurudi mtangulize Profesa azungumze. Profesa atasema mmejionea wenyewe, kule watu wanapika tu, sayansi yenyewe tunaifanya sisi. Hakikisha ndani ya basi hakuna aliyesoma historia ya vitu anavyovitumia. Lile jaribio la t, ambalo bila lenyewe nusu ya tasnifu za kilimo na afya zisingekuwa na sura ya nne, lilitoka kiwanda cha bia. William Sealy Gosset, aliyesoma kemia na hisabati Oxford, aliajiriwa na Guinness mjini Dublin mwaka 1899. Alikuwa na tatizo la kiwanda: sampuli chache za shayiri na kimea, na uamuzi wa fedha nyingi unaosubiri. Kampuni ilimruhusu aende London kujifunza kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha jibu lake kwa jina la bandia, "Student", kwa kuwa wafanyakazi hawakuruhusiwa kuchapisha kwa majina yao. Kipimo cha pH nacho kililetwa mwaka 1909 na Sørensen, katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Bia tena. PCR, mbinu ya kunakili DNA, ilibuniwa mwaka 1983 na Kary Mullis akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Cetus huko California, na miaka kumi baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Sasa fikiria mkufunzi msaidizi wa baiolojia aliyekaa siti ya nyuma na tasnifu yenye pH, PCR na jaribio la t. Zana tatu, zote za watu waliokuwa "wanapika tu". Akizijumlisha kabla basi halijafika Mwenge, hotuba ya Profesa imeharibika.

Hapo kwa Gosset pana jambo ambalo mratibu mwaminifu kwa mwongozo huu hatalisema, ila mimi nalisema haraka kabla sijaonekana. Kiwanda hakimpi mtu kila kitu. Jina lake linaweza lisionekane juu ya kazi yake. Atatia saini mkataba wa kutunza siri. Swali linalomkosesha usingizi litaachwa njiani siku soko likiacha kulihitaji. Na zamu ya usiku ni ya usiku kweli. Wapo watakaoona hayo yote ana kwa ana na kusema hapana, tunarudi kwenye utafiti wetu wa panya huko Morogoro. Hao nao watakuwa wamefaidika kuliko walioona slaidi, kwa sababu wamekataa kitu wanachokijua. Anayeikataa kazi asiyowahi kuiona, na anayeikimbilia kwa sababu mkataba wa chuo umemwishia, wote wawili wanabahatisha. Basi, nimesema, turudi kwenye kazi.

Chuoni linda lugha. Aliyepata kazi kiwandani asemwe kuwa "ameacha sayansi", kwa sauti ileile inayotumika kwa mtu aliyeacha familia. Mhitimu aliyeko kiwanda cha sabuni asialikwe kuongea na wanafunzi mpaka awe meneja mkuu, na akishakuwa meneja mkuu atakuwa hana nafasi. Wale walio mwaka wao wa pili kazini, ambao bado wanakumbuka walivyotetemeka kwenye usaili na bado wanajua bei ya chumba cha kupanga karibu na kiwanda, hao ndio wasikanyage kabisa.

Ripoti iandike usiku huohuo. Iwe na orodha ya mahudhurio iliyotiwa saini, mchanganuo wa jinsia, picha sita, na pendekezo kwamba ziara ziwe endelevu. Posho iambatanishwe na risiti za mafuta. Usiahidi kufuatilia baada ya miezi sita nani alimpigia nani simu, nani alirudi pale fildi, na nani alibadilisha swali la utafiti wake kwa sababu ya alichokiona. Vitu hivyo vina tabia ya kugeuka takwimu, na takwimu huulizwa. Kiwanda nacho kisitumiwe chochote zaidi ya barua ya shukrani. Wakati mwingine kiwanda huwa na tatizo dogo kinalotamani mtu mwenye muda na darubini alitazame, na ukiuliza watakuambia. Usiulize.

Ukifuata yote haya utafanikiwa kwa vijana karibu wote. Hesabu wale sitini Jumatatu yake. Huenda amepungua mmoja, ameomba ruhusa ya nusu siku bila maelezo, ameonekana kituo cha daladala na viatu vya kufunika vidole na bahasha yenye karatasi mbili. Huyo usimwandikie barua ya onyo, wala usimsemee kwa mkuu wa idara. Mpe nauli.